Bakuli la yeni 450 na sufuria ya mama lishe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako maana hili jambo limenikaa kooni tangu nisome barua ya msomaji mwenzangu aliyesema miji yetu haiwezi kuendelea kama mama lishe bado wako barabarani, alafu akatoa mfano wa Japani, kwamba huko kila kitu kiko kwenye majengo ya vioo na huwezi kumkuta mtu mzima na heshima zake anakula chakula cha bei chee nje ya stesheni. Mimi niko Japani mwaka wa sita sasa. Nilikuja kusoma lugha kwanza, nikaenda chuo cha ufundi, saa hizi niko kazini Kawasaki, jirani kabisa na Tokyo, na kwa heshima zote nasema ndugu yetu ameelezwa vibaya. Japani inakula bei chee. Tena inakula usiku na mchana, hapo hapo nje ya stesheni, na wanaokula ni mwenye suti na mwenye ovaroli, bega kwa bega kwenye kaunta moja.

Chakula chenyewe kinaitwa gyudon. Gyu ni ng'ombe, don ni lile bakuli lenyewe, kubwa lenye kina. Chini wali, juu nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba kama karatasi, imechemshwa pamoja na vitunguu maji kwenye mchuzi wa sosi ya soya, sukari na tangawizi. Basi. Kuna kampuni tatu kubwa, Yoshinoya, Sukiya na Matsuya, na ukitoka stesheni yoyote yenye watu unaziona taa zake kwa mbali, hii ya rangi ya chungwa, ile nyekundu, ile ya njano, na nyingi hazifungi usiku. Bakuli la kawaida linacheza kwenye yeni 450, wengine karibu na 500, yaani kama elfu saba na nusu mpaka nane na kitu za kwetu. Najua mtu wa Dar akisikia elfu saba atasema hiyo sio bei chee, ila pima kwa jasho la kule kule: kima cha chini cha mshahara Tokyo tangu Oktoba 2025 ni yeni 1,226 kwa saa. Mtu anayelipwa mshahara mdogo kuliko wote, anayefagia au anayepanga maboksi, saa moja yake inanunua mabakuli mawili na chenji inabaki. Huko kwetu kibarua wa zege hesabu yake ya sahani ya wali nyama mnaijua wenyewe.

Siku ya kwanza kuingia ilikuwa saa 11 alfajiri. Nilikuwa natoka shifti ya usiku kwenye ghala la mizigo, maana mwanafunzi wa kigeni huku anaruhusiwa kufanya kazi saa 28 tu kwa wiki na usiku ndio kuna nyongeza kidogo. Mfukoni nina yeni 1,000 na mshahara uko mbele siku nne. Nilisimama nje ya mlango kama dakika tano nzima, Mhariri, naangalia picha kwa sababu maandishi sikuyajua, na nilichokuwa naogopa ni kule kuingia tu. Nimekulia sehemu ambayo ukiwa na hela ndogo unaingia hotelini umejikunja, unauliza bei kwa sauti ya chini, na muuzaji anakuangalia kwanza viatu ndio anataja. Hapa bei imebandikwa kwenye kioo cha nje, kubwa, na picha ya kila ukubwa wa bakuli, na kalori zake, 600 na kitu mpaka 700 na kitu kwa bakuli la kawaida. Nikasukuma mlango. Kijana wa ndani akapaza sauti ya karibu, ile ile anayompazia kila anayeingia, akaniwekea kikombe cha chai ya moto kabla sijasema lolote. Nikanyooshea kidole picha. Sijamaliza kukunja koti, bakuli liko mbele yangu, sidhani hata kama dakika ilifika.

Mvuke ukanipanda usoni nikajikuta nimefumba macho. Kitu cha kwanza kilichonishtua ni ule utamu, nyama ina sukari kwa mbali, sikuwahi kula nyama yenye sukari, alafu kitunguu kimelainika mpaka kinateleza. Wali wao ni mfupi unanata, tofauti na wa kwetu unaoachana punje kwa punje, na mimi ni mtoto wa Chekereni, Moshi, nimekua nalinda ndege kwenye mpunga, mchele mtu hawezi kunidanganya. Mwanzoni nikauona kama bokoboko. Ila ule mnato una kazi yake, mchuzi unashuka polepole katikati ya punje mpaka chini kabisa ya bakuli, na kule chini ndio patamu kuliko pote, unakutana na wali umeshakuwa wa kahawia na vipande viwili vitatu vya nyama vilivyojificha. Pembeni kuna kisanduku cha tangawizi nyekundu ya siki iliyokatwa vijiti vijiti, unajichotea kwa koleo dogo unavyotaka, bure, na kichupa cha pilipili ya viungo saba. Jirani yangu alikuwa dereva teksi, mzee, glovu zake nyeupe amezikunja vizuri pembeni ya bakuli. Alivunja yai bichi kwenye kibakuli, akalikoroga, akalimwaga juu ya nyama. Akaniona nimetoa macho. Akacheka kidogo akanisogezea kile kisanduku cha tangawizi, kana kwamba ananiambia anza na hiki kijana, yai litakuja lenyewe. (Limekuja kweli, mwaka wa pili huo, sasa hivi bila yai naona bakuli halijakamilika.)

Pale ndipo nilipomkumbuka mama. Mama yangu ni mama lishe. Amepika kwenye stendi ya mji mmoja ambao sitautaja kwa zaidi ya miaka 20, wali, maharage, nyama, mchicha, Jumamosi ndizi, na ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ile sufuria. Kwahiyo barua ya yule ndugu iliposema hao ni uchafu wa mji, Mhariri, naomba unielewe kwa nini nimeandika.

Sasa nimweleze huyo ndugu hiyo gyudon anayoiona iko kwenye kioo imetoka wapi. Yoshinoya ilianza mwaka 1899 kama kibanda cha kula ndani ya soko la samaki la Nihonbashi, Tokyo. Soko la samaki! Wateja wake walikuwa wabeba mizigo, wapasua samaki na madalali, watu waliokuwa macho tangu usiku wa manane, hawana muda wa kukaa, wanataka kitu cha moto chenye nyama, wale haraka warudi kwenye matenga. Lilipokuja lile tetemeko kubwa la 1923 likateketeza soko, wenye soko wakahamia Tsukiji na kibanda kikawafuata mwaka 1926. Yaani mteja alipohamishwa na mpishi wake alihamia naye. Na soko lilipohama tena Oktoba 2018 kwenda Toyosu, Yoshinoya nao wakafungua kule Toyosu. Nenda Feri pale Kivukoni alfajiri. Wale akina mama wanaokaanga na kupika wali kwa ajili ya wavuvi na wabeba matenga wako pale pale alipokuwa bwana Matsuda Eikichi, mwanzilishi wa Yoshinoya, miaka mia na zaidi iliyopita, kazi ile ile, saa zile zile, mteja yule yule mwenye magamba mikononi. Tofauti ni kwamba yeye sijasikia aliyemkimbiza.

Na msidhani Wajapani walizaliwa na nyama ya ng'ombe mdomoni. Mwaka 675 mfalme wao Tenmu alipiga marufuku kula ng'ombe na wanyama wengine kadhaa, marufuku ya miezi ya kilimo tu, ila desturi ya kuikwepa nyama ikakaa karne na karne, mpaka 1872 ilipotangazwa kwamba mfalme Meiji mwenyewe amekula nyama ndipo watu wakaanza kuona kumbe inawezekana. Kwahiyo kibanda cha 1899 kilikuwa kinauza kitu ambacho bado hakikuwa na miaka mingi mjini. Na watu wa soko walikipokea.

Yoshinoya ilikaa duka moja miaka mingi tu. Mtoto wa mwanzilishi akaifanya kampuni mwaka 1958, duka la pili likafunguliwa 1968, na baada ya hapo wakapaa, 1977 maduka 100, 1978 maduka 200. Alafu 1980 wakaanguka, wakaenda mahakamani kuomba kulindwa dhidi ya wanaowadai. Sababu moja kubwa inajulikana na inanifurahisha kuisimulia kwa sababu inamhusu mteja wa hela ndogo: kwa kukimbilia kufungua maduka walianza kutumia mchuzi wa unga na nyama iliyokaushwa, ladha ikaharibika, na mteja akaacha kuja. Yule yule mbeba mizigo na karani ambaye watu wanadhani atakula chochote ilimradi ni rahisi. Akaonja, akajua, akaondoka. Ikabidi warudi kwenye mchuzi wa kweli ndio wakasimama tena. Mama yangu angewaambia bure hilo. Siku aliyojaribu mafuta ya bei rahisi bodaboda wote walihamia kwa jirani, siku tatu tu akarudisha yale ya zamani.

Kisa kingine ni cha 2004. Desemba 2003 ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe uligundulika Marekani, Japani ikafunga mlango kwa nyama ya huko, na Yoshinoya walikuwa wanategemea kipande kimoja cha tumboni mwa ng'ombe wa Marekani, chenye mafuta ya kutosha. Wangeweza kuchukua nyama ya Australia. Wakakataa, wakasema ladha haitakuwa ile. Wakaacha kuuza gyudon tarehe 11 Februari 2004, wakauza nyama ya nguruwe na vitu vingine zaidi ya miaka miwili na nusu, mpaka tarehe 18 Septemba 2006 walipoirudisha kwa siku moja kwanza, na watu wakapanga foleni kama wanangojea hija. Wenzangu wakubwa kazini bado wanaisimulia siku ile ya mwisho, nani alikuwa wapi, alikula duka gani. Hilo ni bakuli la chakula cha bei ndogo, Mhariri, na taifa zima lilisimama kulilia.

Nisiongee kama mteja tu, maana baadaye nilifanya kazi humo ndani. Duka gani na kampuni gani jina kapuni. Nilikaa mwaka na miezi. Mwalimu wangu alikuwa dada wa Kinepali, mdogo kwangu kwa umri lakini jikoni alikuwa mkubwa kweli kweli, na kitu cha kwanza alichonifundisha ni kushika upawa. Kule wanatumia upawa wenye matundu, wa Yoshinoya unajulikana kwamba una matundu 47, na kazi ya yale matundu ni kwamba ukichota nyama ukaupinda kidogo mchuzi unaozidi unajichuja wenyewe na unaobaki ndio kipimo. Mkono mmoja bakuli, mkono mwingine upawa, chota, inua, pinda, laza nyama juu ya wali, usichovye mara mbili. Nilifundishwa siku tatu nzima kitendo kimoja. Wali unapimwa kwenye mizani, bakuli la kawaida kama gramu 250 hivi, na nyama inapimwa, na dada yule alikuwa anakuja kimya kimya anachukua bakuli nililojaza analiweka kwenye mizani. Likipungua anasema ongeza. Likizidi anasema punguza, kwa sababu mwenzake wa kiti cha pili naye amelipa hela ile ile. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini siku ile ya kwanza sikuhisi kudhalilika. Mkono unaokupakulia hauna habari na sura yako. Hauna rafiki, hauna mteja wa suti wala mteja wa yeboyebo.

Hiki kitu kwetu kinauma na tuseme ukweli, hata kwa akina mama wenyewe. Bei ya sura ipo. Mgeni akija na begi sahani inapanda jero, mtu wa ofisi anapewa mnofu na mbeba zege anapewa mfupa. Mama yangu pia alikuwa nao huo mchezo, nimeshamwambia na hakukasirika. Ubao wa bei wenye maandishi ya chaki haugharimu hata buku mbili.

Alafu kuna mchuzi. Hapa lazima nikae kidogo. Ukiwa Japani unaweza kumwambia muuzaji tsuyudaku, maana yake nataka mchuzi mwingi, na anakuongezea bila kukuchaji. Neno hilo nilipolisikia mara ya kwanza nilicheka peke yangu mpaka meneja akauliza kuna nini, sasa namwelezaje Mjapani kwamba sentensi niliyoisikia kuliko zote utotoni, nimekaa chini ya meza ya mama naosha vikombe, ni "mama, ongeza mchuzi"? Kuna nyingine inaitwa kichwa kikubwa, unaongezewa nyama ya juu ila wali unabaki wa kawaida, hiyo inalipiwa. Watu wa hela ndogo duniani kote wanajua namna ya kuipanga sahani yao.

Lakini sitaki mtu anisome aone nimeleta pepo. Ile bei ndogo kuna mtu anaibeba mgongoni. Nimefanya shifti za usiku peke yangu, saa sita usiku mpaka asubuhi, mimi ndio mpishi, mimi ndio muuzaji, mimi ndio mwosha vyombo, mlevi akija ni wangu, na ukitaka kwenda msalani unaomba Mungu asiingie mteja. Wajapani wana jina lake kabisa, wan ope, yaani mtu mmoja anaendesha duka zima. Mwaka 2014 jambo hili lilikuwa habari kubwa nchini, kule Sukiya wafanyakazi walichoka wakaacha kazi, maduka mengi yakafungwa kwa kukosa watu, wezi walikuwa wameshajua usiku kuna mtu mmoja tu, na kampuni ikalazimika kuunda kamati ya watu wa nje kuichunguza na kuacha mtindo huo usiku. Na bado Januari 2022 mfanyakazi mmoja aliyekuwa peke yake zamu ya alfajiri alianguka dukani, wakaja kumkuta baada ya saa kadhaa, akafariki. Siku niliposoma habari ile sikuweza kula. Kwahiyo ninaposema tuige, naomba hilo tusiige hata chembe. Mama lishe wetu ana dada yake pembeni, ana mtoto, ana jirani wa benchi la pili, akianguka kuna mtu wa kumdaka.

Na bei nayo inapanda jamani. Mwaka 2001 Yoshinoya walishusha bakuli mpaka yeni 280, kampuni zikawa zinashindana kushuka miaka na miaka, vijana wa wakati ule walikula kwa sarafu tu. Leo hiyo ni hadithi. Mwaka 2025 mchele wenyewe ulikuwa msiba, mfuko wa kilo 5 ukapita yeni 4,000, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, serikali ikafungua maghala ya akiba ikauza mchele wa zamani, watu wakapanga foleni nje ya supamaketi tangu alfajiri. Waziri wa kilimo, Eto Taku, akasema hadharani kwamba yeye hajawahi kununua mchele, wafuasi wake humpa mwingi. Mwezi huo huo wa Mei akajiuzulu. Ndivyo wanavyouchukulia wali. Waziri mzima alipoonekana hajui bei ya sahani ya mwananchi, ikawa mwisho wa kiti chake.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaopanga kuja huku niweke angalizo, maana rafiki yangu wa Pemba tulikuwa tunakaa chumba kimoja na yeye gyudon hajawahi kuigusa. Nyama haijachinjwa kihalali na mchuzi wa huku mara nyingi una divai au pombe ya mchele ndani yake, hata kama hainusi. Indonesia, Yoshinoya ya kule imethibitishwa halali, kwahiyo kupika bila hivyo vitu kunawezekana, ila hapa Japani usikae ukadhani. Yeye alikuwa ananisindikiza tu, anakunywa maji, tunapiga stori, na hakuna aliyemfukuza kwenye kiti.

Sasa nirudi kwa mama na nimalizie. Mwaka niliokuwa kidato cha tatu mgambo walikuja asubuhi saa moja na nusu, wakati wali ndio umeiva. Hawakusema hama. Walipiga teke jiko, sufuria ikalala ubavu, na wali wote ukamwagika kwenye maji ya mtaro, kilo nane, mchele wa kwetu Chekereni ambao baba mdogo aliuvuna kwenye skimu ya Lower Moshi, skimu ambayo, angalieni, Wajapani hao hao ndio walioisaidia kujengwa miaka ya 80. Mama hakulia. Aliokota mfuniko, akaufuta na kanga, akauweka kwenye ndoo. Ile picha ya mama anafuta mfuniko wa sufuria isiyokuwepo tena ndiyo ninayoiona kila mtu anaposema mji usafishwe.

Mama lishe anaweza kupikia mahali pasafi. Mpeni bomba la maji na karo la kuoshea mikono. Mpeni paa na taa, na sakafu ya zege inayofagilika, karibu na stendi na soko mahali mteja alipo, maana mkimpeleka kilomita mbili pembeni kwenye soko jipya lisilo na watu mmemuua kistaarabu. Afisa afya aje apime, aje mara kwa mara, aje na kipimo asije na rungu. Na akina mama nao waandike bei ubaoni. Mji wenye watu milioni na milioni kama Tokyo unaamka kila siku juu ya bakuli la bei ndogo, na waliouendesha walijua mbeba mizigo lazima ale karibu na mzigo wake. Madiwani wetu wanaosafiri kwenda kujifunza nje ya nchi, wakija Tokyo, naomba asubuhi moja waiache ile bafe ya hoteli waje wakae kwenye kaunta hii. Nitawalipia mimi.

Nilimpigia mama simu ya video nikiwa nakula, mwaka jana, saa sita usiku ya huku, kwao jioni. Nikamsogezea kamera jikoni yule mpishi alivyokuwa anapakua. Akaniambia ngoja, rudisha, hicho anachopakulia ni nini? Nikamweleza habari ya matundu na mchuzi kujichuja. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza wanauza shilingi ngapi. Kwahiyo Jumapili iliyopita nimeenda Kappabashi, ule mtaa wa Tokyo wa vyombo vya jikoni, nimezunguka maduka manne na nimeupata, wa chuma, mpini mrefu. Nitakuja nao Desemba.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Kawasaki, Japani